Vipele vya Ndevu Vinakumaliza Fesi? Cheki Vile Nywele Inajizika Kwa Ngozi na Vile Utaizuia

Kabla uendelee kusoma, weka mkono kidevuni. Shusha pole pole hadi chini ya taya, pale shingo inaanzia. Kama umeskia kokoto, hii stori ni yako. Kama ni laini kama shavu ya mtoi, shukuru Mola wako halafu utumie hii beshte yako, juu kwa kila mbogi kuna mmoja anaumia na hasemi.

Mimi nilikuwa huyo mmoja. Baada ya kuachana na kolegi mwaka wa pili (stori ya fee, tuiache hapo), kazi ya kwanza nilishika ilikuwa ya kupokea wageni kwa hoteli fulani hapa Nairobi. Shati nyeupe, kiatu kinang'aa, ndevu zii. Supavaisa alikuwa anatupanga laini saa kumi na mbili asubuhi, anaangalia kidevu moja moja kama mwalimu wa zamu anaangalia kucha. So kila asubuhi nilikuwa narauka, wembe wa kutupa, maji baridi, sabuni ya kipande, dakika mbili nimetoka mbio kushika mat.

Wiki ya tatu shingo ilikuwa imejaa vipele. Wiki ya sita vilikuwa na usaha, na kola ya shati ilikuwa inarudi nyumbani na madoa ya damu. Mathe akadhani nimepigwa ngeta. Siku moja nikaambiwa niende nyumbani nijitibu, nirudi nikikaa poa. Simu ya kurudi haikuwahi kuja. Nilipoteza kazi juu ya nywele zenye hata hazijafika sentimita moja.

Tangu hiyo siku nimeuliza madaktari, nimeuliza kinyozi, na nimefanya makosa yote unaweza fikiria. Kaa chini nikupatie rada, usirudie njia yangu.

Kwanza elewa: hizi si chunusi

Watu wengi wakiona vipele kidevuni wanakimbilia dawa ya chunusi. Lakini chunusi inaanza wakati mafuta ya ngozi na seli zilizokufa zinaziba kitundu. Hizi za ndevu zinaletwa na nywele yako mwenyewe. Imekatwa, ikaota, halafu badala ya kutoka nje kama watu wazima, ikarudi ndani ya ngozi.

Madaktari wanaita hii shida *pseudofolliculitis barbae*, wengine wanafupisha PFB. Jina ni refu lakini kazi yake ni rahisi kuelewa.

Angalia nywele ya Mwafrika. Haijanyooka, imejikunja kama springi ya kalamu. Na si nywele peke yake, hata kile kishimo inatokea kwa ngozi kimepinda. Ukiinyoa, wembe unaikata kwa mshazari na kuacha ncha kali kama mkuki. Sasa hiyo mkuki ikianza kuota, inaweza kukuchoma kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: nywele inatoka nje vizuri, inajikunja, halafu ncha inarudi kudunga ngozi hapo karibu, milimita moja ama mbili kutoka pale ilitokea. Ukiangalia kwa kioo utaona kama kaupinde kadogo, pande zote mbili ziko ndani ya ngozi.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Umenyoa karibu sana hadi nywele imekatwa chini ya ngozi. Ikianza kuota haifiki hata nje. Inatoboa ukuta wa kishimo chake huko ndani na kuendelea na safari chini kwa chini.

Mwili hauwezi jua kama hiyo ni nywele yako. Kwake ni mwizi ameruka ukuta wa ploti. Unaita askari wote: damu inajaa, panavimba, panawasha, panauma. Bakteria wakipata nafasi hapo, unaona usaha. Panapoisha kuuma, panabaki doa jeusi. Ukichokora sana, panabaki kovu, na kwa wengine kovu inakua hadi inakuwa keloidi, ile nyama ngumu inaendelea kuvimba hata kidonda kikipona.

Umeshikanisha? Adui si uchafu. Adui ni ncha kali iliyokatwa chini sana kwa nywele yenye imejikunja. Kila kitu nitakwambia kuanzia hapa kinarudi kwa hiyo sentensi.

Mbona ni sisi?

Utaskia watu mtaani wakisema ati una damu chafu, ati unakula mafuta mob, ati ni juu hujaoa. Zii. Makadirio yenye madaktari Marekani wanatumia yanasema kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wenye wananyoa ndevu wanapata hii shida. Yaani ukipanga watu kumi, kwa uchache wanne wana hiyo kokoto. Wazungu wenye nywele imenyooka wanaipata pia, lakini si kwa kiwango chetu.

Kuna hadi kitu ya damu ya ukoo. Mwaka wa 2004 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko kidogo kwa jini inaitwa KRT75, yenye inahusika na jinsi nywele inashikwa ndani ya kishimo chake, yanaongeza hatari ya kupata hivi vipele. So kama fathe alikuwa na shingo ya kokoto, si ajabu na wewe uko nayo. Hukujiletea.

Na madem, msidhani mmepona. Yeyote mwenye nywele za kidevu na anazing'oa ama kuzinyoa anaweza kuipata. Kwapani na sehemu za siri ni mchezo ule ule. Dem akianza kuota ndevu nyingi kwa ghafla, hasa kama hedhi imeanza kuruka ruka, aende aonwe na daktari, juu inaweza kuwa homoni.

Makosa sita yenye karibu wote tunafanya

Jiangalie hapa. Mimi nilikuwa na sita kwa sita.

1. *Kunyoa ngozi ikiwa kavu ama baridi.* Nywele kavu ni ngumu kama waya. Ukiikata hivyo inaacha ncha kali zaidi. Ikinywa maji inalainika na inakatika kwa urahisi.

2. *Kuvuta ngozi.* Si unajua vile mtu anavuta shavu na kidole ndio wembe upite poa? Ukivuta, nywele inatoka nje kidogo, unaikata, halafu ukiachilia ngozi inarudi na ile ncha inazama ndani. Hapo umeipeleka chini ya ngozi na mkono wako.

3. *Kunyoa kinyume.* Ukipeleka wembe kinyume na vile nywele inaota, unapata ulaini wa siku moja na vipele vya wiki mbili.

4. *Wembe wa makali mengi.* Zile nyembe za makali matatu, manne, matano zimetengenezwa ndio zikate karibu zaidi: kali moja linainua nywele, lingine linaikata kabla irudi. Kwa nywele imenyooka hiyo ni raha. Kwa nywele imejikunja, mara nyingi ni kuizika.

5. *Kurudia pale pale.* Unapita mara moja, unapapasa, unaskia kamebaki kidogo, unapita tena, na tena. Kila ukipita, unakata chini zaidi na kuchubua ngozi.

6. *Kutumia wembe hadi ushike kutu.* Wembe butu unavuta badala ya kukata, so unafinyilia zaidi. Madaktari wa ngozi wanashauri uutupe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Mimi nilikuwa natumia mmoja mwezi mzima, halafu nashangaa.

Dawa ya kwanza haigharimu hata bob: acha kunyoa

Najua hii si ile jibu ulikuwa unataka. Lakini ndio ukweli. Kitu inamaliza vipele vya ndevu kuliko zote ni kuacha ndevu ziote.

Kama fesi yako saa hii imejaa, weka wembe kando angalau wiki nne. Jitayarishe, juu wiki ya kwanza mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Nywele zilikuwa zimekatwa zinaota zote pamoja, na nyingine zinaingia ndani. Hapo ndio watu wengi wanakata tamaa wanarudi kwa wembe. Usirudi. Nywele ikiendelea kurefuka, ule mkunjo wake unajivuta kama springi na kuichomoa ncha nje yenyewe. Ikifika karibu sentimita moja, nyingi zinakuwa zimejitoa bila wewe kudara kitu.

Hizo wiki nne, osha uso na maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, sugua kwa kitambaa safi pole pole kwa kuzungusha, halafu jipake mafuta yasiyo na marashi. Ukiweza kukaa na ndevu kabisa, kaa nazo. Shida ikiisha, imeisha.

Lazima unyoe? Fanya hivi

Kuna wenye hawawezi kuacha. Kazi, dini, ama tu hupendi ndevu. Sawa. Kanuni ni moja: usitafute ulaini wa yai. Acha nywele kidogo, hata milimita moja, ibaki juu ya ngozi.

*Mashine kabla ya wembe.* Mashine ya kunyoa yenye ina kichana ndio rafiki yako. Ile namba 1 inaacha kama milimita 3, na nusu ya namba 1 inaacha kama milimita moja na nusu. Mtu akiwa mbali anakuona umenyoa, lakini ncha haijafika chini ya ngozi. Ukitumia mashine bila kichana, usiifinyilie. Iache ielee.

*Kama ni wembe, fuata hii mpango:*

Oga kwanza, ama weka kitambaa cha maji moto (si ya kuchoma) usoni dakika mbili hadi tatu. Huna hita? Sufuria na meko ya gesi zinafanya hiyo kazi.

Paka povu ama jeli ya kunyolea na uiache kidogo ishike nywele. Sabuni ya kipande inakausha ngozi, so kama ina povu jepesi na uso unakaza ukimaliza, tafuta kitu kingine laini.

Cheki nywele zinaangalia wapi. Papasa na kidole: upande wenye ni laini ndio zinaenda, upande wenye inakwaruza ni kinyume. Kidevuni kawaida zinashuka chini, lakini shingoni zinaweza kuenda kando ama hata kupanda juu. Jua ramani yako mwenyewe.

Tumia wembe wa kali moja, mpya. Usivute ngozi. Pitisha kwa upande zinaenda, mara moja, bila kufinyilia. Suuza wembe kila ukipita. Kama kuna nywele imebaki, wachana nayo. Hakuna mtu atakuona hapo.

Ukimaliza, suuza na maji baridi, halafu weka kitambaa kimelowa maji baridi usoni dakika tano. Hiyo inatuliza ngozi. Kisha jipake mafuta yasiyo na marashi. Ile ya kuchoma na kunukia, hebu iachie fathe yako.

Na usinyoe kila siku kama hakuna mtu anakulazimisha. Lakini pia usikae kati kati, ukikata chini sana halafu unaacha siku kadhaa hadi ncha zianze kujikunja. Chagua moja: ama unaacha nywele fupi kwa mashine kila mara, ama unazifuga.

Kwa kinyozi: ongea, usikae kimya

Wengi wetu tunanyolewa kwa kinyozi, na hapo tunakuwa kama kondoo. Ukishawekwa hiyo shuka shingoni unaogopa hata kukohoa. Hapana buda, ni uso wako.

Mwambie: "Usiweke ziro. Acha kidogo, na upeleke mashine vile nywele inalala." Kinyozi mzuri ataelewa, na wengi wao wameona hivi vipele kukuliko. Akisisitiza kukuchonga laini na wembe shingoni na unajua utavimba, mwambie awache. Laini inapotea siku tatu, doa linakaa miezi.

Sasa spiriti. Ile moto unaskia akikupaka unaita jina la babu yako, haizuii nywele kuingia ndani. Inaua vijidudu juu ya ngozi, ndio, lakini pia inakausha na kuwasha ngozi yenye imeshachubuliwa. Mahali spiriti inafaa kuonekana kwanza ni kwa mashine, kabla hajakugusa.

Na hapa tusichezeane. Mashine na wembe zinaweza kuchukua damu ya mtu na kuleta kwako. Virusi vya hepataitisi B vinaweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku 7. Ukiwa na vipele vyenye vinatoka damu, mlango wako uko wazi. So wembe ufunguliwe ukiwa unaona, mpya, wako. Mashine isafishwe mbele yako. Ukiweza kununua mashine yako ama hata kichana chako na blade yako ukawa unaenda nayo, hakuna mtu anafaa kukucheka. Hiyo si madharau, ni afya.

Kitu kingine: kile kisogo. Umeona wasee wenye wana vipele vigumu nyuma ya shingo, pale nywele inaishia? Hiyo inaanza kama vipele vidogo, halafu inageuka makovu magumu na nywele haioti tena hapo. Kunyoa chini sana nyuma na kuchonga laini kila wiki inaichochea. Ukiona vimeanza, mwambie kinyozi asiguse hapo na wembe, na uone daktari mapema. Ikishakuwa nyama ngumu, kuitibu ni kazi ndefu.

Vimeshatokea. Utado?

Kwanza mikono mbali. Kufinya hakutoi nywele, kunaisukuma ndani na kufungulia bakteria.

Ukiona kale kaupinde ka nywele juu ya ngozi, unaweza kukainua. Weka kitambaa cha maji moto dakika kadhaa, chukua sindano imesafishwa na spiriti, pitisha chini ya ule upinde na uinue ncha itoke nje. Basi. Usiing'oe na kibano, juu ukiing'oa, ile mpya inaota kutoka chini na inaweza kupotea njia tena. Na kama huoni nywele, usichimbe. Wewe si mgodi.

Kwa kemisti kuna vitu vya kusaidia. Tafuta chenye asidi ya salisiliki ama asidi ya glaikoliki. Zinatoa seli zilizokufa juu ya ngozi ndio nywele ipate njia. Anza mara mbili kwa wiki, usiku, na usipake siku hiyo hiyo umenyoa, utalia. Kama kuna usaha, benzoli peroksaidi inapunguza bakteria, lakini chunga, inatoa rangi kwa taulo na foronya. Mchana jipake mafuta ya kukinga jua, juu jua linafanya madoa meusi yakae zaidi. Ndio, hata sisi weusi.

Kuna pia krimu na poda za kuondoa nywele bila wembe. Hizi zinayeyusha nywele na kuiacha na ncha butu badala ya mkuki, so zinaweza kusaidia. Lakini ni kali. Jaribu kidogo nyuma ya sikio ama ndani ya mkono kwanza, usizidishe dakika zimeandikwa kwa pakiti, na usitumie kila siku.

Na kama una ganji, kuna leza. Inachoma mzizi ndio nywele ziote chache na nyembamba. Lakini skia hapa vizuri: si leza zote ni za ngozi nyeusi. Yenye inachukuliwa kuwa salama zaidi kwetu inaitwa Nd:YAG, ya nanomita 1064. Mtu akikuwekea isiyo sahihi anaweza kukuchoma uso. Uliza jina la mashine kabla ulipe, na akishindwa kukujibu, beba mguu wako.

Krimu za tao: hapa ndio niliungua

Narudi kwa stori yangu. Baada ya ile kazi kuisha nilikuwa na uso umejaa madoa na sina doo ya daktari. Jamaa mmoja tao akaniuzia kikopo hakina hata jina, ati "inatoa vipele na doa siku saba." Na kweli, siku saba vipele vilishuka na uso ukang'aa. Nikajiona nimeomoka.

Mwezi wa pili ngozi ilikuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Jua likinipiga nachomeka. Nikiacha kupaka siku mbili, vipele vinarudi mara tatu. Daktari aliponiona aliuliza swali moja tu: "Umekuwa ukipaka nini?" Akaniambia hiyo inakaa ni steroidi kali. Steroidi inazima uvimbe haraka, ndio maana unaona kama imeponya, lakini nywele bado iko ndani na ngozi inaliwa pole pole. Ilinichukua karibu mwaka mzima ngozi kutulia.

Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado zinauzwa chini ya maji. So sheria yangu sasa ni rahisi: kikopo bila lebo, hapana. Kitu inaahidi kukutoa rangi, hapana. Steroidi bila daktari kukupimia kiasi na siku, hapana. Kuna steroidi nyepesi yenye daktari anaweza kukupatia siku chache uvimbe ukizidi, lakini hiyo ni yeye ataamua, si jamaa wa kikopo.

Na kama bosi anadai kidevu safi?

Hapa ndio inauma wengi: mabawabu, maweita, askari, watu wa benki, wanafunzi. Unaambiwa nyoa ama uende.

Ujue hauko pekee yako dunia nzima. Huko Marekani hii maneno ilifika hadi kortini. Mwaka wa 1993 korti ya rufaa ilisema sheria ya Domino's ya kukataza ndevu ilikuwa inawafungia nje wanaume weusi wenye hii shida, na kampuni ilishindwa kuonyesha kwamba biashara inahitaji hiyo sheria. Jeshi lao la angani, mwaka wa 2020, lilikubali ruhusa ya kutonyoa kwa sababu ya ugonjwa ikae hadi miaka 5 badala ya kuombwa kila mwaka. Na utafiti wa 2021 kwa jeshi hilo hilo uligundua wenye walikuwa na hiyo ruhusa walichukua muda mrefu zaidi kupandishwa cheo. Yaani hata ukipewa karatasi, bado kuna mtu anakuangalia kama mchafu.

Mimi sikujua kwamba ningeomba barua. Wewe sasa unajua. Nenda hospitali kabla shingo ioze, mwambie daktari kazi yako inakutaka unyoe kila siku, na uombe aandike kwamba una PFB na unafaa kubaki na nywele ya milimita kadhaa. Ipeleke ofisini mapema, kwa heshima, na ubaki na kopi. Halafu hizo ndevu fupi uziweke safi, zimepangwa, usimpatie mtu sababu. Bosi anaweza kukataa, siwezi kukudanganya. Lakini kuna tofauti kati ya kuongea ukiwa na karatasi na kuongea ukiwa na damu kwa kola.

Lini uwache internet na uone daktari

Enda kama vipele vina usaha na vinaenea, kama una homa, kama kuna uvimbe mkubwa unauma, kama makovu yanaendelea kukua, ama kama umejaribu haya mambo miezi miwili na hakuna kitu imebadilika. Pia kama unaona mviringo unawasha na unamagamba, hiyo inaweza kuwa choa ya ndevu, na dawa yake ni tofauti kabisa. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina siku za kliniki ya ngozi. Uliza pale mapokezi, huwa si bei ya kutisha vile unafikiria.

Kwa ufupi, kama umeruka hadi hapa chini, najua mko: fuga kama unaweza, acha milimita moja kama huwezi, maji moto kabla, wembe mpya wa kali moja, fuata vile nywele inalala, usivute ngozi, usirudie, maji baridi baadaye, usifinye, na usinunue kikopo bila jina.

Mimi siku hizi niko na ndevu fupi, mashine kila Jumamosi, namba 1. Madoa bado yako kidogo shingoni upande wa kushoto, ukikaribia utayaona. Kola ya shati iko safi. Mathe hata aliacha kuuliza ni nani ananipiga.